Darasa la Salamu

Mlango wa chumba cha kujifungulia katika kituo chetu cha afya umeandikwa kwa rangi nyekundu: WANAUME HAWARUHUSIWI. Herufi za mwisho zimebanana, kwa kuwa aliyeziandika hakupima ubao kabla ya kuanza, lakini maana yake haina kasoro, nami sijapata kuipinga. Ndani ya chumba hicho mna vitanda vinne vilivyotenganishwa kwa mapazia, na katika kila kitanda huwa yumo mke wa mtu au binti wa mtu, katika hali isiyofaa kutazamwa na babu wa mtu mwingine. Kanuni hiyo ni ya haki. Niliwafundisha watoto wa mtaa huu mpaka nikastaafu, nikiwaambia kwamba kanuni ya haki hufuatwa hata siku inapokuumiza. Siwezi kuigeuza kauli hiyo eti kwa sababu zamu ya kuumia imenifikia mimi.

Lakini mjukuu wangu ni kiziwi, alikuwa mjamzito, na katika mtaa mzima mtu mwenye kusikia aliyeweza kuzungumza naye nilikuwa mimi peke yangu.

Nimemlea tangu akiwa wa kubebwa. Mama yake, ambaye ni binti yangu, anafanya kazi mbali, na akija likizo huzungumza na mwanawe kwa kunyoosha kidole: kile, njoo, kula. Bibi yake alitangulia mbele ya haki. Tulipompeleka shule ya viziwi, alirudi likizo ya kwanza akiwa na lugha nzima mikononi, nami nikaona ni aibu mtoto alale chini ya paa langu akiwa na mambo ya kusema na asiwepo wa kuyapokea. Nikaketi nikajifunza kama nilivyojifunza hesabu za kuzidisha: kwa kurudia, kwa kukosea na kwa kuchapwa, maana alikuwa akinipiga vidole kila nilipovikunja vibaya. Huko shuleni kila mtu hupewa jina la mikono. Lake ni kidole kinachobonyezwa shavuni, penye kishimo chake cha kucheka. Langu ni rula inayopigwa kiganjani. Sikulichagua. Nilipewa na wanafunzi wenzake, ambao sikuwahi kuwachapa hata siku moja, ila walikuwa wamenitazama usoni.

Aliolewa na mmoja wa hao wenzake, kijana fundi seremala ambaye mtaa unamwita Randa. Naye ni kiziwi. Hutengeneza milango na fremu za madirisha, na hupenda kunitania kwamba nyumba yangu ina mlango uliopinda kuliko mgongo wangu.

Watu huuliza: kwa nini mjukuu wako asiandike tu? Anaandika. Anaandika jina lake, majina ya vitu, na vipimo vya nguo anazoshona. Lakini sentensi tunayoiandika sisi tumeisikia kwanza tangu tumbo la mama, na yeye hakuisikia. Akikuandikia jambo zito hukuletea maneno matano yaliyomwagika kama vifungo, uyapange mwenyewe. Mtu aliye katika uchungu wa kuzaa hana nafasi ya kumwaga vifungo, wala mkunga hana nafasi ya kuviokota.

Tena vidole vyangu vilikuwa vimeanza kukataa. Ni ugonjwa wa viungo. Asubuhi mkono wa kulia huamka umefumba, nao haufumbuki mpaka jua liwe limepanda. Alama zinazotaka kidole kimoja kimoja zilikuwa zikinitoka nusunusu, na mjukuu wangu, kwa adabu yake, alikuwa akijifanya ameelewa. Nilijua anajifanya. Mwalimu hudanganywa na wanafunzi maisha yake yote, basi huujua uso wa mtu aliyeitikia bila kuelewa.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa kamati yetu ya watu wenye ulemavu ni mama mwenye duka la misumari, rangi na mabati, mtu wa moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Ni yeye aliyefanya ofisi ya mtaa iwekewe njia ya mteremko kando ya ngazi. Ni yeye aliyewakemea wenye maduka mpaka wakaondoa mizigo yao kwenye njia ya waendao kwa miguu, ili asiyeona asijikwae. Nilimkuta akimpimia mteja misumari.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu ukae juu ya ndoo hiyo, haina rangi."

"Marahaba. Sitakaa. Nina ombi."

Nikamweleza bila kuzungusha. Mjukuu wangu angejifungua kabla ya mvua. Mimi sitaruhusiwa kuingia, na mumewe hataruhusiwa kuingia, na hata angeruhusiwa ni kiziwi vilevile. Nilitaka, kabla ya siku hiyo, katika wanawake wanaofanya kazi nyuma ya mlango ule, apatikane mmoja wa kuweza kumuuliza kwa mikono: unaumwa wapi? Na akijibu, amwelewe.

Mwenyekiti aliweka misumari chini.

"Mmoja tu, Mwalimu? Nitakupa mtaa mzima."

Nawahakikishia wasomaji kwamba alimaanisha.

Darasa likafunguliwa katika ukumbi wa kamati, kila Jumamosi alasiri. Siku ya kwanza watu walijaa hadi madirishani. Alikuja mama muuza vitenge na mwenye duka la dawa. Alikuja Kinyozi, ambaye nilimfundisha darasa la nne. Wakaja vijana wa karakana, na wakaja wauguzi kutoka kituoni wakiongozwa na yule tunayemwita Nesi, mwanamke mwenye mikono mifupi yenye nguvu, aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa huu.

"Mwalimu," akasema Kinyozi, "nikikosea utanichapa kama zamani?"

"Zamani hukuwa ukikosea. Ulikuwa ukilala."

Wakacheka, nami nikaacha wacheke, kisha nikaanza na salamu. Sikuona pengine pa kuanzia. Kwetu mtu haombi hata kijinga cha moto kwa jirani kabla hajauliza habari za nyumba. Mjukuu wangu alisimama mbele, tumbo likiwa limeanza kuonekana, akaonyesha kwa mikono, nami nikaeleza kwa mdomo, kwa sababu vidole vyangu havikufaa tena kuigwa na mtu. Katika lugha yao salamu ni fupi. Mkono mmoja, mara moja, imekwisha. Wanafunzi wangu hawakuridhika.

"Hujambo tu?" akauliza mama wa vitenge. "Na za nyumbani?"

Akaonyeshwa za nyumbani.

"Na za watoto?"

"Na za kazi?" akasema kijana wa karakana.

"Na za wagonjwa," akasema Nesi. "Sisi kule ndiyo salamu yetu."

Mjukuu wangu aliwapa zote, moja baada ya nyingine, kishimo cha shavuni kikizama na kuibuka. Alikuwa na furaha. Njiani kurudi nyumbani watu waliokuwa wamezoea kumpungia kama anayefukuza kuku walisimama wakamuuliza habari za nyumbani kwa mikono, naye akajibu kila mmoja, tukachelewa kufika.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimepanga mwili wa binadamu: kichwa, mgongo, tumbo, kiuno. Lakini nusu ya waliokuja walikuwa wageni, waliosikia habari za darasa, na haikuwa adabu kuwaacha wageni bila salamu. Tukarudia. Jumamosi ya baada yake wakaja wengine. Wale wa zamani hawakulalamika, kwa kuwa kila mtu hupenda kurudia anachokiweza. Wakawa wanasalimiana wao kwa wao, kwa madaha, kutoka upande huu wa ukumbi hadi ule, kama watu waliopotezana miaka.

Aliyelalamika ni Nesi. Zamu za kituoni zilikuwa zikimwachia Jumamosi moja na kumnyima mbili.

"Mwalimu, mimi kila nikija nakuta habari za nyumbani. Nyumbani sasa ni kuzuri. Twende mbele."

"Jumamosi ijayo ni maumivu," nikamwahidi. "Usikose."

"Nitaomba zamu nibadilishiwe."

Jumamosi hiyo, kabla sijafuta ubao, Mwenyekiti aliingia na fulana za njano begani. Siku ya Watu Wenye Ulemavu ilikuwa imekaribia. Mgeni rasmi angekuja, na darasa letu lingesimama safu tatu na kumsalimu kwa mikono, wote kwa pamoja. Alitaka mazoezi yaanze palepale.

"Leo ni somo la maumivu," nikasema.

"Mwalimu, maumivu yapo tu. Mgeni rasmi anakuja mara moja."

"Mjukuu wangu naye atajifungua mara moja."

"Najua. Ndiyo maana nataka watu waone. Wakiona watajali, wakijali watajifunza. Usitukatishe tamaa sasa, tumefika mbali."

Nikatazama ukumbi. Watu walikuwa wameshaanza kupimiana fulana. Nesi alinitazama, akatazama saa ya ukutani, akapanga mstari pamoja na wenzake, maana zamu yake ilikuwa inamngoja na alitaka apate walau kitu. Mjukuu wangu akaniuliza kwa mikono kuna nini. Nikamwambia. Akasema, "Waache, Babu. Wanafurahi."

Somo la maumivu nililitoa siku ya katikati ya juma, nje ya ratiba, kwa yeyote ambaye angekuja. Wakaja wazee wawili wastaafu wasiokuwa na shughuli, na Kinyozi, ambaye Jumatano hana wateja. Wakajifunza vizuri ajabu. Kinyozi, hasa, alishika damu, uchungu, sukuma, pumua, acha, ondoka, inauma hapa, inauma pale. Alama zake zilikuwa safi, vidole vyake vikiwa vimezoea mkasi.

"Mwalimu," akasema, "mimi sasa ni mkunga kamili. Imebaki gauni tu."

Mjukuu wangu, nilipomfasiria, alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Katika mtaa mzima, watu wenye kusikia wa kuweza kumwelewa binti huyu wakati wa kuzaa walikuwa sasa wanne, na wote ni wanaume.

Siku ya sherehe ilikwenda vema. Safu tatu za njano zilimsalimu mgeni rasmi kwa pamoja, mikono ikipanda na kushuka kama ya mtu mmoja. Mgeni rasmi alifuta macho. Akasema mtaa wetu ni mfano.

Uchungu ulimshika mjukuu wangu asubuhi, wakati Randa ameshakwenda karakana. Nilimtuma jirani akamwite, naye akaja na unga wa mbao kwenye nyusi, tukapanda teksi watatu. Mlangoni tukampata Nesi, yuko zamu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Nesi alifanya kila kitu alichokijua. Alimsalimu kwa mikono bila kosa, akamuuliza habari za nyumbani, na mjukuu wangu, ameegemea ukuta na jasho likimtoka, akamjibu yote mpaka mwisho, kwa kuwa nimemlea na adabu. Kisha akanigeukia mimi, akaniambia kwa mikono, haraka, "Babu, kaa karibu." Mlango ukafungwa.

Karibu yangu ilikuwa benchi la ukumbini, mgongo wangu ukutani na ukuta huo ndio wa chumba chao. Randa aliketi mbele yangu, akinitazama usoni bila kupepesa. Yeye hakuweza kusikia kilichokuwa kikisemwa ndani, na mimi sikuweza kuona kilichokuwa kikisemwa ndani. Niliwasikia wakunga waziwazi. Niliyemlea mimi sikumsikia, kwa maana mikono haina sauti. Kati yetu sisi wote, hapakuwa na mmoja aliyepata habari nzima.

Muda ukapita. Kisha sauti zikabadilika.

"Anasema nini huyu?"

"Sijui."

"Si wewe ulisomea?"

"Tulisoma salamu," sauti ya Nesi ikasema.

Nikasimama nikaukaribia mlango.

"Nesi, ni mimi. Nieleze anafanya alama gani."

"Mwalimu? Anafanya, anaweka mkono hivi, halafu anaupeleka hivi."

"Hivi vipi? Vidole vimekunjwa au vimenyooka? Kiganja kinatazama wapi?"

"Vimenyooka. Hapana, viwili. Anakwenda haraka. Sasa anagusa tumbo. Sasa anarudia tena."

"Akigusa tumbo, uso wake ukoje? Anauliza au anaeleza?"

"Mwalimu, uso wake ni wa mtu anayeumwa."

Nilijaribu kuziunda alama hizo kwa mkono wangu mwenyewe, hapo mlangoni, ili niisome maana kwa vidole vyangu. Vilikuwa vimefumba. Vidole viwili vilivyonyooka na mkono unaokwenda: inaweza kuwa maji, inaweza kuwa kutembea, inaweza kuwa jina la mtu. Nikawa kama mtu anayesomewa barua na asiyejua kusoma, herufi moja inatajwa na mbili zinarukwa.

"Mpe karatasi," nikasema.

"Mkono mmoja una dripu, Mwalimu. Ngoja kidogo, tafadhali."

Daktari akapita akiwa amevaa glavu tayari. Hakukaa sana ndani. Alipotoka alisema mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka na lazima mama apasuliwe sasa hivi. Randa alimwona anavyosema, akanishika bega. Nikamfasiria. Upasuaji ni alama nyepesi, lakini nilirudia mara kadhaa kabla haijaeleweka, na wakati huo wote daktari ameshika fomu na kalamu akimnyooshea. Randa akatia sahihi. Kisha akauliza swali moja tu, nami nikalipeleka kwa daktari kama lilivyo.

"Mumewe anauliza: mwenyewe ameelezwa?"

"Mzee, hakuna muda."

"Dakika moja inanitosha. Mpitisheni hapa mbele yangu."

"Chumba cha upasuaji kina mlango wa ndani. Hatupiti huku."

"Basi niingie mimi. Nitafika kwenye pazia lake tu."

Daktari alinitazama, na naamini alitaka kukubali. Lakini wakati huohuo mwanamke mwingine ndani alipiga ukelele, ule wa mwisho ambao kila aliyewahi kungoja nje ya mlango kama ule anaujua, na wakunga wakamwambia yuko karibu, yuko karibu. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kitasa. Mume wa mwanamke yule alikuwa ameketi benchi lilelile tulilokuwa tumeketi sisi. Akainua macho kunitazama. Nikauondoa mkono.

"Nesi," nikaita kwa nguvu, "mwambie atapasuliwa. Mwambie mtoto yu hai."

"Nitamwambia, Mwalimu," akajibu Nesi, na mimi na yeye tulijua kwamba hana alama hata moja ya kumwambia hayo.

Tukakaa. Randa aliniuliza mara nyingi wanasema nini, nami nikamjibu kwamba sasa hawasemi. Kisha kilio cha mtoto kikatoka mbali, upande wa chumba cha ndani, chembamba na chenye hasira. Nadhani uso wangu ulinitangulia, kwa sababu Randa alisimama kabla sijamwambia.

"Analiaje?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kinywa changu, mzee mzima katikati ya ukumbi wa kituo, nimepanua mdomo kama kinda. Akacheka huku machozi yakimtoka.

Nesi alitujia ameshavua kofia, uso umelowa.

"Mwalimu, hongera. Wa kike. Mzima, na mama mzima."

"Mungu akubariki."

"Alitusumbua kidogo tu. Alikuwa anarusharusha mikono, dripu ikachomoka mara mbili. Ikabidi tumfunge."

"Mlimfunga nini?"

"Mikono." Akajishika vifundo vya mikono kunionyesha. "Kwa bandeji, hapa na hapa, kwenye vyuma vya kitanda. Si kwa ubaya, Mwalimu. Kule kwenye upasuaji wote hufungwa. Yeye tulianza mapema kidogo. Baadaye akatulia."

"Akatulia," nikasema.

Nesi alikuwa bado amejishika kifundo. Akauangalia mkono wake pale ulipokuwa umekamata, akauachia polepole.

"Sikuwaza," akasema.

Randa alikuwa ananivuta mkono wa shati anataka nimfasirie, na nikamfasiria habari njema peke yake. Iliyobaki niliiacha kwanza.

Haikukaa sana bila kujulikana. Jioni hiyo Randa aliruhusiwa kuingia wodini, akatoka akaniita pembeni, akaniambia kwa mikono yake mikubwa ya useremala aliyoambiwa na mkewe. Mkewe alikuwa akiwauliza wakunga swali moja tu: mtoto yu hai? Akauliza, akauliza, na hakuna aliyemjibu, na kila mmoja alikuwa akimtazama kwa huruma. Walipomfunga akaamini kwamba mtoto amekufa, kwa sababu aliwaza watu hawamfungi mtu mikono ila pale wasipotaka aulize tena. Akapelekwa kupasuliwa hivyo. Akakata shauri kwamba wanakwenda kuitoa maiti. Ndipo alipotulia.

Kesho yake nilipoingia kumsalimu nilimkuta ameketi ameegemea mito, mtoto kifuani, mikono yote miwili chini ya shuka. Shuka lilipoteleza kidogo niliona alama za bandeji juu ya vifundo. Nilisema naye kwa vidole nilivyo navyo. Alitikisa kichwa kwa ndiyo, alitikisa kichwa kwa hapana, hakutoa mkono. Binti huyu alikuwa akiongea mpaka na sindano yake ya kushonea.

Saa ya kuwaona wagonjwa, kamati ikafika. Walikuja wengi, Mwenyekiti mbele na simu ya kupigia picha mkononi, baadhi yao wamevaa fulana za njano. Walijipanga miguuni pa kitanda bila kuambiwa, safu ya mbele na ya nyuma, na kwa pamoja wakainua mikono. Hujambo. Habari za nyumbani. Habari za mtoto. Hapakuwa na kosa hata moja. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakapiga makofi.

Mjukuu wangu aliwatazama mpaka walipomaliza. Kisha akatoa mkono mmoja chini ya shuka, akanigeukia mimi, akasema neno moja.

"Anasemaje, Mwalimu?" Mwenyekiti akauliza, ametabasamu.

Nimekuwa mdomo wa mtoto huyu tangu likizo ile ya kwanza, na sijapata kumwongezea wala kumpunguzia. Walikuwa watu wema. Walikuwa wameleta sabuni, nguo za mtoto na maua ya plastiki.

"Anasema mwondoke."

Mwenyekiti akacheka. "Mjukuu wako ana utani."

"Hana utani. Anasema mwondoke."

"Amechoka, maskini. Uzazi wa kupasuliwa si mchezo."

"Hakusema amechoka. Alama ya kuchoka ni nyingine."

"Basi, tumsalimu mara ya mwisho tumwache apumzike," akasema mama wa vitenge, na mikono ikaanza kupanda tena. Kinyozi peke yake hakuinua wake. Alikuwa ameiona alama ile kwa macho yake na kuielewa, maana ilikuwa katika somo la Jumatano.

"Twendeni," akawaambia. "Mwalimu hakukosea. Twendeni jamani."

Mwenyekiti alinifuata ukumbini akiwa ameumia kweli. "Mwalimu, baada ya yote tuliyofanya?" Nikamweleza: bandeji, swali, mtoto aliyedhaniwa maiti. Alisikiliza hadi mwisho. Alilia, na hakulia kwa kuigiza, alikaa chini kabisa kwenye sakafu ya ukumbi na kanga yake usoni. Kisha akanyanyuka akajipangusa.

"Hili watu lazima walijue," akasema. "Mwakani tufanye igizo. Chumba cha kujifungulia, kitanda, bandeji, kila kitu. Kila mtu ataguswa."

Nikamwambia tutaonana.

Niliporudi wodini nilimkuta Nesi kando ya kitanda. Zamu yake ilikuwa imekwisha, amevaa nguo za nyumbani, mkoba umo kwapani. Mjukuu wangu alikuwa amegeuza uso dirishani. Randa alikuwa amesimama upande wa pili akimtazama Nesi kama anavyotazama ubao uliopasuka.

"Mwalimu, wiki ijayo atarudi kutolewa nyuzi. Ni chumba kilekile, na nimeomba niwe mimi." Alikuwa akisema taratibu. "Nionyeshe namna ya kuuliza: unaumwa wapi? Na nionyeshe atakavyojibu. Leo sitaki salamu. Nitakaa hapa mpaka nizishike zote."

Ndilo ombi nililokuwa nimelipeleka dukani kwa Mwenyekiti, sasa limerudi kwangu kwa mdomo wa mtu niliyemtaka. Nikaweka bakora yangu ya kutembelea kando, nikainua mkono wa kulia. Alama hiyo inataka kidole cha shahada kisimame peke yake, kilekile kinachoonyesha pahali, na vingine vilale. Nikakiamuru. Kikanyanyuka nusu, na vyote vikanyanyuka pamoja nacho, vimepinda. Nikajaribu kwa mkono wa kushoto. Nesi aliiga kile alichokiona, ngumi iliyolegea, akanitazama kuuliza kama amepatia.

"Hapana," nikasema. "Si hivyo. Kosa ni langu, si lako."

Nikamgusa mjukuu wangu begani. Akageuka. Nikamweleza, kwa ngumi zangu zile, kile Nesi alichokuja kukitaka. Nina hakika alinielewa, kwa sababu hakuitikia. Alimtazama Nesi kwa muda, akatazama vifundo vyake mwenyewe juu ya shuka, kisha akairudisha mikono chini, ule wa kwanza na ule wa pili, akalivuta shuka mpaka kidevuni pa mtoto.

Randa, ambaye mikono yake ilikuwa mizima lakini hangefundisha bila ridhaa ya mkewe, akaanza kumsihi. Mkewe akafumba macho, na kwa kiziwi huko ndiko kuziba masikio.

Nesi alibaki amesimama, mikono yake mifupi ameiinua mbele ya kifua, tayari kufundishwa, akinitazama mimi.